Jinsi ya Kusoma Tamathali za Usemi Katika Riwaya ya Zamani

Mwanafunzi aliyemaliza sekondari, awe Kenya au Tanzania, kwa kawaida anaweza kutaja tashbihi (ulinganisho wenye neno kama au mfano wake), sitiari (ulinganisho usio na neno hilo), tashihisi (kukipa kitu matendo ya mtu), takriri, kinaya, tafsida na mubalagha bila kusita, na akiwekewa mbele yake sentensi moja iliyonyofolewa kitabuni ataipa jina lake sawasawa. Mpe riwaya nzima, kisha umwulize tashbihi fulani inafanya kazi gani pale ilipo na kwa nini mwandishi hakutosheka na neno la kawaida. Mara nyingi atajibu kwamba imeipamba lugha, au imemvutia msomaji. Jibu hilo linaifaa kila tamathali ya kila kitabu, na ndiyo maana halimwambii mtu kitu. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya msomaji anayetaka kuvuka hapo, yaani anayetaka kuiona tamathali ikiwa kazini, kujua imebeba nini, na kuweza kuyaeleza hayo kwa maandishi yatakayomridhisha msomaji mwenzake.

Riwaya nitakayoirejea zaidi ni Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Inasimulia habari za Karama, kijana wa nchi iitwayo Kusadikika, anayeshtakiwa na waziri Majivuno na kujitetea kwa siku sita kwa kueleza yaliyowapata wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi hiyo. Ni fupi, mtu anaweza kuimaliza kwa siku mbili au tatu, na tamathali zake hazikai katika sentensi peke yake bali zimeingia mpaka katika majina ya wahusika, katika ramani ya nchi inayosimuliwa na katika jina la kitabu chenyewe. Pale nitakapohitaji sentensi za kuchambua neno kwa neno nimezitunga mwenyewe, ili hata asiye na kitabu mkononi aweze kufuata.

Usomaji wa kwanza na penseli

Mara ya kwanza soma hadithi. Usisome ukiwinda tamathali, kwa sababu mwindaji mwenye pupa huona windo hata pasipo na kitu, na mwishowe hujua kitabu kina sitiari ngapi lakini hajui nani alimkosea nani. Shika penseli, na kila mahali ambapo akili yako imejikwaa kidogo weka alama ndogo pembeni mwa ukurasa, kisha uendelee. Kujikwaa ninakokusema ni ile hali ya neno kukutwa limekaa na majirani wasio wake: barua inatazama, usiku una meno, mji unakohoa, mtu anameza hasira. Alama hiyo usiipe jina bado. Jina likitangulia, akili hupumzika ikidhani kazi imekwisha, na kumbe haijaanza.

Ukishamaliza kitabu, rudi kwenye alama zako moja moja. Nyingi utazifuta, na kuzifuta huko ni sehemu ya uchambuzi. Kuna zilizotokana na ukongwe wa neno tu. Msomaji wa leo anayekutana na neno kama auni au buruhani katika kitabu cha mwaka 1951 anaweza kudhani ameona fumbo, wakati kwa msomaji wa siku hizo, hasa wa pwani, lilikuwa neno la msaada au la ushahidi, basi. Kwa hiyo kabla hujatangaza kwamba umepata tamathali, fungua kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1981, inatosha kwa mengi, na pale inaponyamaza mzee aliyekulia lugha hiyo atakusaidia kuliko kitabu chochote.

Kuna pia picha ambazo zilikuwa hai zamani na sasa zimekufa ndani ya lugha, hata hakuna anayeziona. Sote tunasema kula kiapo, kula njama, kula hasara na kula rushwa, na hakuna anayefikiria meno wala tumbo. Mwandishi akiandika kwamba shahidi alikula kiapo, hajatumia sitiari, amesema Kiswahili. Lakini akiandika kwamba shahidi alikula kiapo na kiapo kikamkwama kooni, basi ameifufua ile picha iliyokufa, amelirudisha lile neno kwenye koo na pumzi, na hapo alama yako isifutwe. Msomaji makini huangalia hasa mahali hapa, ambapo usemi wa kila siku umepewa neno moja la ziada ukaamka.

Upatanisho wa kisarufi unavyofichua tamathali

Kiswahili kina msaada mkubwa kwa msomaji wa tamathali ambao, kwa maoni yangu, hatuutumii vya kutosha madarasani. Ngeli zetu hutenganisha viumbe na vitu, na upatanisho hufuata. Njaa, kwa kawaida, iliingia, jiwe lilianguka, kisu kilikata. Mwandishi akiandika kwamba njaa ilibisha hodi, ameipa njaa tendo la mtu huku akiiacha katika ngeli yake, hivyo tunaiona njaa inayofanya kama mtu lakini bado ni njaa. Akiandika kwamba Njaa alibisha hodi, akaketi, akaomba maji, amemwingiza mgeni kamili ndani ya nyumba. Zote mbili ni tashihisi, lakini uzito wake haulingani, na tofauti nzima imebebwa na silabi moja.

Upatanisho huo hufanya kazi kwa upande wa pili pia. Mtu anaweza kushushwa. Bibi mmoja aliyekuwa akienda na wenzake katika ngeli ya A-WA anaweza kuonekana kwa macho ya mhusika mwenye chuki akiwa kizee kile kilichokaa kizingitini, na jirani mnene akawa jitu lile lililotuzibia njia. Hapo hakuna neno kama, hakuna mithili ya, hakuna ja wala mfano wa, na mwanafunzi aliyefundishwa kutafuta maneno hayo ya ulinganisho atapita bila kuona kitu. Hata hivyo mtu amefananishwa na kitu, na sarufi ndiyo iliyofananisha. Jiulize basi ni macho ya nani yanayotazama. Mara nyingi utakuta kwamba msimulizi ameazima kwa muda chuki ya mhusika, na hilo ni jambo kubwa zaidi la kuandika kuliko kusema kwamba kuna sitiari.

Nipeleke taa hiyo hiyo kwenye Kusadikika. Majivuno, likiwa nomino ya kawaida, huchukua ya: majivuno yake yamezidi, majivuno yalimponza. Katika riwaya hii Majivuno ni waziri, na waziri huchukua a: Majivuno alisimama, Majivuno alishtaki. Kila mara jina hilo linapotajwa pamoja na kitenzi chake, sikio la Mswahili husikia ngeli mbili kwa pamoja, ile ya tabia na ile ya mtu mwenye tabia hiyo. Ndivyo ilivyo kwa Karama, ambayo katika maisha ya kawaida ni heshima au kipawa na huchukua i, na kitabuni ni kijana anayesimama kujitetea. Soma ukurasa mmoja wa kitabu hicho kwa sauti, kisha ubadilishe viambishi kimoyomoyo, yaani a iwe ya au i, na utasikia hadithi ya pili ikipita chini ya ile ya kwanza.

Kujua kitu chenyewe kabla ya kujua fumbo lake

Sasa tuichukue aya fupi tuikague kwa karibu. Nimeitunga hivi:

Jua lilikuwa limekwisha kuzama Bi Zuhura alipoifungua barua. Maneno yalimtazama. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia chini ya mkeka kama mtu anayefukia kaa la moto ndani ya jivu. Usiku ule nyumba nzima ilipumua taratibu, lakini chumba chake hakikulala.

Tuanze na tashbihi, kwa kuwa ndiyo inayodanganya. Msomaji wa haraka atasema kwamba Bi Zuhura ameificha barua kwa sababu inamuunguza, na kwamba anataka kuizima. Kaa la moto ni hatari, jivu limekufa, basi amelizika. Maelezo hayo yanaonekana kukamilika, na atapata alama kwa kutaja neno kama.

Shangazi yangu, aliyepika kwa kuni tangu utotoni, ndiye aliyenionyesha kwa mikono yake jambo ambalo sikulisoma popote. Baada ya chakula cha usiku alikuwa akichagua kaa moja nene, analisukuma katikati ya meko, analifunika kwa jivu na kulishindilia kidogo kwa kijiti. Nilimwuliza kwa nini anauzima moto kwa taabu namna ile wakati ndoo ya maji ipo. Akaniambia, "Mwanangu, moto hauzimwi hivi. Moto hulazwa hivi." Asubuhi alifukua jivu, akaweka makapi na vijiti vyembamba, akapuliza mara tatu, na kaa lilikuwa jekundu. Katika nyumba isiyokuwa na kiberiti, au isiyotaka kukimaliza, kaa lililofukiwa ndio moto wa kesho.

Rudi sasa kwenye barua. Bi Zuhura hakuizika ili ife. Ameilaza. Atakuja kuifukua, na siku atakapoipuliza kutakuwa na moto. Maana ya aya imegeuka, na tukio la mbele katika hadithi limekwisha kutangazwa na mtu ambaye anadhani anaficha. Hakuna orodha ya tamathali iliyotupa hayo, yametoka mekoni.

Kwa hiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote ni hii: kabla ya kuuliza picha ina maana gani, uliza kitu kilicholetwa hufanya kazi namna gani katika maisha ya watu wanaosimuliwa. Ikiwa mwandishi amelinganisha ndoa na jahazi lililopandisha tanga dhidi ya upepo, mtafute aliyewahi kusafiri baharini, au usome habari za kaskazi na kusi, ujue jahazi hufanya nini hasa upepo unapokaa mbele. Ikiwa amemfananisha mtu na mkorosho, ujue mkorosho unavyotambaa, unavyovujisha utomvu wake, na mafuta ya ganda la korosho yanavyochoma ngozi. Riwaya za zamani zimejaa vitu ambavyo msomaji wa leo amevisikia kwa majina tu, na jina bila kitu chenyewe huzaa uchambuzi wa kubahatisha.

Katika daftari andika mambo manne kwa kila picha uliyoamua kuibakiza: maneno yenyewe pamoja na ukurasa, jambo linalosemwa, kitu kilicholetwa kulisemea, na yale ambayo kitu hicho kina lakini mwandishi hakuyataja. La nne ndilo lenye mali. Katika mfano wetu jambo linalosemwa ni barua na kitu kilicholetwa ni kaa, na lisilotajwa ni kwamba kaa litaishi mpaka asubuhi.

Picha mbili zilizobaki katika aya ile hazihitaji maneno mengi. Maneno yalimtazama ni tashihisi, na imegeuza nafasi: msomaji wa barua ndiye anayepaswa kutazama, lakini hapa anatazamwa, kana kwamba amekamatwa. Chumba hakikulala ni taashira, yaani mahali pametajwa kwa niaba ya aliyemo, na ukiiweka karibu na nyumba iliyopumua taratibu unaona kwamba mwandishi amemtenga Bi Zuhura na watu wake kwa ukuta mmoja wa udongo bila kusema neno upweke.

Majina, na lile moja lisilo la kawaida

Shuleni hufundishwa kwamba mhusika akipewa jina linalolingana na tabia yake, hayo ni majazi. Ni kweli, lakini kanuni hiyo ikitumiwa bila kiasi huharibu. Pwani yote ya Afrika Mashariki ina watu wanaoitwa Fadhili, Amini na Karama, nao ni watu wa kawaida wanaokwenda sokoni na kurudi. Mwandishi wa Tanga akimwita mhusika wake Fadhili, huenda amempa jina la jirani tu. Msomaji atajuaje?

Njia mojawapo ni kutafuta jina ambalo hakuna mzazi angelimpa mtoto. Katika Kusadikika jina hilo ni Majivuno. Hakuna anayeadhimisha arobaini ya mtoto akamwita Majivuno. Jina hilo moja linapokaa katikati ya majina ya kawaida linayalazimisha yote yasomwe upya, kwa sababu sasa tunajua kwamba katika nchi hii jina ni maelezo. Hapo ndipo inapofaa kuyafungulia kamusi majina ya wale wajumbe sita ambao Karama anawasimulia katika siku zake sita za kujitetea: Buruhani ni ushahidi au dalili iliyo wazi, Fadhili ni wema, Kabuli ni kukubali, Auni ni msaada, Ridhaa ni kuridhia, Amini ni uaminifu na kuamini. Kila mmoja wao alitumwa nje kutafuta jambo la kuifaa nchi, akarudi na alichokiona, na badala ya shukrani akaambulia kifungo. Sasa soma habari hiyo kwa upatanisho wa nomino za kawaida. Ushahidi umefungwa. Wema umefungwa. Msaada umefungwa. Hakuna sentensi yenye picha kali katika maneno hayo matatu, na bado sijui njia fupi zaidi ya kueleza utawala mbaya.

Jina la nchi linahitaji sarufi pia. Kusadikika ni kitenzi sadiki kilichotiwa katika kauli ya kutendeka, ile ile tunayoisikia katika kulika, kusomeka na kupitika. Kitu kinacholika ni kitu kinachoweza kuliwa, na njia inayopitika ni ile inayoruhusu kupitwa. Nchi inayosadikika, basi, ni nchi ambayo mtu anaweza kuisadiki, na kitabu kinasema kwamba nchi hiyo iko angani. Jina linatuomba tuamini na mahali panatuzuia kuamini, na msomaji huingia kitabuni akiwa amesimama kati ya hayo mawili. Mwandishi huyo huyo ana kitabu kingine kiitwacho Kufikirika, kwa kauli ile ile ya kutendeka, jambo linalotuonyesha kwamba umbo la kitenzi halikuchaguliwa kwa bahati. Kulinganisha namna hii kazi mbili za mwandishi mmoja ni kipimo kizuri: picha au umbo likijirudia, una haki ya kulijengea hoja.

Tazama pia namna picha ya kwanza inavyozaa nyingine. Kwa kuwa nchi iko angani, ina pande sita na si nne: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, juu mbinguni na chini ardhini. Mjumbe anayeshuka ardhini anakuja, kwa kweli, kwetu sisi wasomaji. Tumegeuzwa kuwa nchi ya kigeni inayochunguzwa. Sitiari iliyorefushwa vizuri hufuata kanuni zake yenyewe namna hii, nawe ukiwa mchambuzi kazi yako ni kuzifuata kanuni hizo hatua kwa hatua uone zinakufikisha wapi, na kama zinavunjika mahali fulani useme pia.

Neno dogo kuhusu istilahi, kwa kuwa wanafunzi wengi hupoteza muda hapa. Vitabu vyetu vya fasihi havikubaliani. Vipo vinavyotumia sitiari na istiara kwa maana moja, na vipo vinavyoita istiara ile hadithi nzima yenye maana ya pili chini ya maana ya kwanza. Jazanda kwa wengine ni sitiari iliyorefushwa, kwa wengine ni picha yoyote yenye fumbo. Chagua maana moja, ieleze katika sentensi moja mwanzoni mwa insha yako, na ushikamane nayo mpaka mwisho.

Majina ya vitabu vyenyewe nayo ni mazoezi mema kwa anayeanza. Dunia Mti Mkavu ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, ni nusu ya methali. Nusu ya pili, kiumbe usiuelemee, imeachwa kinywani mwa msomaji, na onyo lote limo katika nusu hiyo iliyoachwa. Methali ikikatwa, andika ile sehemu iliyokatwa katika daftari lako kabla ya jambo jingine lolote. Gamba la Nyoka ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1979, inaacha swali: nyoka anayejivua gamba amebadilika, au amekua tu? Usilijibu kabla hujamaliza riwaya.

Tafuta kisichofumbwa

Wachambuzi wengi, wakishagundua kwamba riwaya ni fumbo, hufumbua kila kitu. Mto unakuwa maisha, daraja linakuwa kifo, hata mbuzi wa mhusika anakuwa taifa. Katika riwaya yenye fumbo kubwa nimezoea kufanya kinyume chake, na ninakupendekezea ujaribu: tafuta jambo ambalo mwandishi amekataa kulifumba.

Katika Kusadikika karibu kila kitu kimevikwa vazi. Nchi imepelekwa angani, watu wamepewa majina ya tabia, safari zimekwenda mahali pasipofikika. Lakini kosa la Karama limeachwa wazi kabisa. Anashtakiwa kwa sababu alitaka kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Sheria hapa haisimamii kitu kingine; ni sheria. Mafunzo ni mafunzo. Ukishaliona hilo unaelewa kwa nini mengine yote yamefumbwa: vazi la fumbo limeshonwa ili jambo moja lipate kusemwa bila vazi.

Hapa historia inaingia kwa haki yake. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, akafariki mwaka 1962, na kwa miaka mingi alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, idara ya forodha ikiwa mojawapo ya alikotumikia. Mwaka 1951 Tanganyika ilikuwa chini ya Uingereza, na karani Mwafrika hakuwa na nafasi ya kuandika kitabu cha kuisema serikali iliyokuwa ikimlipa mshahara. Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kama tuhuma kwa utawala huo, na mimi nakubaliana nao, ila naomba usianzie hapo. Anza na maneno ya kitabu, halafu uitazame tarehe. Ukianza na tarehe, kila sentensi itakuwa Mwingereza, nawe utakosa kuona kwamba Majivuno anaweza kukaa katika baraza lolote. Ndipo utakapoona uzito wa lile jambo lililoachwa wazi: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961, miaka kumi baada ya kitabu, kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha sheria. Simwiti mwandishi mtabiri. Nasema tu kwamba haja aliyoitaja kwa jina lake ilikuwa haja ya kweli, ambayo nchi iliyokuwa ikijiandaa kujitawala iliitambua mapema.

Kinaya cha riwaya nacho kimejengwa juu ya jambo hilo hilo lisilofumbwa. Anayeshtakiwa kwa kuvunja sheria ndiye anayeomba sheria zifundishwe, na wanaomshtaki kwa jina la sheria ndio wasiotaka zijulikane. Kinaya cha namna hii hakimo katika sentensi yoyote moja, kwa hiyo hutakikuta kwa penseli ya usomaji wa kwanza. Hupatikana kwa kuuliza, kitabu kikishafungwa, nani alisema nini na nani alipaswa kukisema.

Kuandika ulichokiona

Uchambuzi ulioandikwa vizuri huanza na dai, si na jina la tamathali. Usianze kwa kusema kwamba mwandishi ametumia majazi na kwamba majazi ni kadha wa kadha, mtahini anajua. Anza na kile picha inachofanya, kisha uonyeshe maneno yanayokifanya, kisha useme kinachobadilika katika usomaji wetu wa riwaya nzima. Kama huwezi kusema kinachobadilika, pengine picha hiyo ni pambo kweli. Mapambo yapo, wala si dhambi, ila hayahitaji aya nzima.

Nukuu kidogo. Maneno matano yaliyochaguliwa na kuchambuliwa yanamfaa msomaji kuliko mistari kumi iliyonakiliwa na kuachwa. Weka nambari ya ukurasa, na utaje toleo ulilolisoma, kwa sababu vitabu vya zamani vimechapwa mara nyingi na kurasa hazilingani.

Aya kuhusu wale wajumbe sita inaweza kuwa hivi:

Majina ya wajumbe sita yanaligeuza gereza la Kusadikika kuwa maelezo ya utawala wake. Kila mjumbe ana jina la jambo jema na kila mmoja amefungwa, hata msomaji anayeyasikia majina hayo kama nomino za kawaida anajikuta katika nchi ambayo ushahidi, wema, kukubali, msaada, ridhaa na uaminifu viko kifungoni huku majivuno yakikaa karibu na kiti cha mfalme. Mwandishi hahitaji kutamka kwamba utawala huo ni mwovu, kwa kuwa orodha ya wafungwa imekwisha kutamka. Katikati ya majina hayo yote yenye maana mbili, kosa la Karama peke yake lina maana moja, nalo ni kutaka watu wafundishwe sheria. Kwa hiyo wajumbe wanapoachiwa huru pamoja naye, hukumu hiyo inahusu mambo sita yaliyofungwa pamoja na lile la saba lililokuwa likizuiwa.

Katika aya hiyo neno majazi halimo. Ikiwa swali la mtihani linalidai, liingize katika sentensi ya kwanza, kwamba kwa mbinu ya majazi majina ya wajumbe sita yanaligeuza gereza kuwa maelezo ya utawala, na sentensi nyingine zote zibaki kama zilivyo.